Kuchuchumaa Si Michezo

Swali la tisa katika sehemu ya shughuli za kila siku linahusu soksi. Mtafiti anamuuliza mgonjwa: kwa wiki moja iliyopita, goti lako limekupa shida kiasi gani wakati wa kuvaa soksi? Majibu ni matano, kuanzia hakuna shida mpaka shida kupita kiasi.

Mama Mkubwa aliitazama miguu yake ndani ya kandambili, kisha akanitazama mimi.

“Soksi za nini, mwanangu? Mimi askari?”

Tulikuwa kibarazani kwake, Charambe, huko Mbagala, jioni, ndoo ya mchele uliolowekwa kwa vitumbua vya kesho ikiwa imefunikwa pembeni. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Utafiti wangu unahusu ubora wa maisha ya watu ambao magoti yao yamesagika, na kabla sijaenda kwa wagonjwa nisiowajua niliona nilijaribu dodoso kwa mtu ninayemjua. Nikaendelea. Kuvua soksi? Akacheka. Kuingia na kutoka ndani ya gari? “Gari la nani?” Kuingia na kutoka kwenye bafu la kujilaza? Hapo ilibidi nimweleze kwa mikono kitu chenyewe kikoje, na yeye akauliza kama maji yote hayo ni ya mtu mmoja.

Kwa maswali hayo manne nikaweka alama kwenye “hakuna shida”. Ningeweka wapi pengine?

Tukafika sehemu ya nne, inayoitwa michezo na burudani. Ina maswali matano: kuchuchumaa, kukimbia, kuruka, kujigeuza ukiwa umesimamia goti linalouma, na kupiga magoti. Nikasoma la kwanza. Mama Mkubwa akaacha kucheka.

“Hilo sasa ndilo swali,” akasema. “Hilo ungeanza nalo.”

Sina ugomvi na waliotunga dodoso hilo. Linaitwa KOOS, lina maswali 42, na lilichapishwa mwaka 1998 na Ewa Roos wa Sweden na wenzake. Walichukua dodoso la zamani la Kanada, WOMAC, lililotungwa kwa ajili ya wagonjwa wenye umri mkubwa, wakaliongezea maswali ili liwafae pia vijana walioumia magoti viwanjani. Ndiyo maana kuchuchumaa kumewekwa jirani na kukimbia. Kwa mtu wa Sweden choo ni cha kukaa, jiko liko usawa wa kiuno, na wageni hukaribishwa kwenye makochi. Akichuchumaa, yumkini yuko mazoezini. Watunzi waliandika maisha waliyoyaona, na waliyaandika vizuri.

Ugomvi wangu ni na sisi. Sisi tunaolichukua dodoso, tunalitafsiri neno kwa neno, tunalipeleka Mbagala na Tandale, tunajumlisha alama, kisha tunasimama mbele ya watahini na kutamka “ubora wa maisha” bila kuona haya.

Hesabu yake ni hii. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 4, na jumla hugeuzwa kuwa kipimo cha 0 hadi 100, ambapo 100 ni mtu asiye na tatizo lolote. Sehemu ya shughuli za kila siku ina maswali 17. Mchukue mtu ambaye kwenye maswali 13 yanayomhusu amejibu “shida kubwa”, yaani alama 3. Kwa hayo 13 peke yake anapata 25 kati ya 100. Ni hali mbaya. Sasa mwongezee kuvaa soksi, kuvua soksi, gari na bafu la kujilaza, vyote “hakuna shida” kwa sababu hana hata kimoja. Anapanda mpaka karibu 43. Wanaotumia kipimo hiki huhesabu tofauti ya alama 8 hadi 10 kuwa nafuu ambayo mgonjwa mwenyewe anaihisi. Mtu wetu amepata karibu mara mbili ya hiyo, na dawa aliyotumia ni kutokuwa na gari wala soksi.

Hivyo ndivyo umaskini unavyogeuka kuwa afya kwenye jedwali. Na lile jambo linalomliza kila asubuhi, kuchuchumaa, linahesabiwa pembeni pamoja na kuruka, kwenye sehemu ambayo mtafiti mvivu anaweza hata kuiruka akisema wazee hawachezi michezo.

Acha niseme kuchuchumaa ni nini hapa kwetu.

Choo cha Mama Mkubwa kiko uani. Ni cha shimo, sakafu ya saruji, tundu katikati, kuta tatu za matofali na mlango wa bati. Anakitumia pamoja na wapangaji wa vyumba vinne. Ndani hakuna kitu cha kushika. Akiingia, mkono mmoja anauegemeza ukutani na mwingine umeshika kopo la maji. Kushuka anashuka kwa kujiachia, maana goti likishakunjwa kupita kiasi fulani halimtii tena. Kuinuka ndiyo kazi. Amekwisha kuanguka mara mbili, na mara ya pili alimsubiri mpangaji apite ndipo akaita. Ana miaka 61. Alinisimulia hayo akiangalia pembeni.

Kwa hiyo amejitungia kanuni. Baada ya alasiri hanywi maji. Akiwa na safari ya mjini hanywi tangu asubuhi. Kati ya dawa zake za presha kuna moja inayomkojoza, na hiyo huiacha siku za safari, na siku za msiba, na siku ambazo goti limeamka vibaya. Lakini diklofenaki haiachi. Ananunua duka la dawa, anakunywa miaka na miaka, kwa sababu bila hiyo hakai kwenye kigoda cha vitumbua.

Sasa weka vitu hivyo pamoja: mtu wa presha, anayekunywa maji kidogo kwa makusudi, kwenye joto la Dar es Salaam, mbele ya moto wa mkaa, huku akimeza kila siku dawa ya maumivu ya jamii ambayo inajulikana kupandisha presha, kutoboa tumbo na kuumiza figo, na inaumiza figo zaidi mwili ukikosa maji. Siku figo zikichoka, kadi itaandikwa presha. Hakuna atakayeandika choo. Kadi yake ya kliniki ninayo hapa. Ina uzito, ina presha, ina majina ya dawa kwa mwandiko wa mbio. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza swali la maneno matatu: choo chako kikoje?

Na kabla sijawarushia wengine mawe, nianze na mimi.

Miaka saba iliyopita alinipigia simu nikiwa mwaka wa kwanza chuoni. Alisema goti linauma akiinuka asubuhi, linakakamaa kwa dakika chache halafu linalegea, na akishuka ngazi anasikia kama mchanga ndani yake. Siku hizi nikisikia maelezo hayo najua ninachosikia. Siku ile nilimjibu kwa maneno niliyowasikia watu wote wakiyasema: “Ni uzee, Mama Mkubwa.” Nikamwambia ajipumzishe. Alikuwa na miaka 54. Alinishukuru.

“Ni uzee” ni maneno mepesi sana kinywani. Daktari akiyasema anapata nafasi ya kumwita mgonjwa anayefuata. Mtoto akiyasema anarudi kwenye simu yake. Serikali ikiyasema haijengi kitu. Na mgonjwa akiyaamini anaacha kuuliza. Sijaona maneno mawili yanayowapumzisha watu wengi hivyo, isipokuwa yule mwenye maumivu.

Umri ni mojawapo ya visababishi, nani abishe? Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 waliishi na ugonjwa huu, na goti ndilo kiungo kinachoongoza, watu milioni 365. Asilimia 73 wana zaidi ya miaka 55. Maana yake zaidi ya robo hawajafika hata huko. Asilimia 60 ni wanawake. Visababishi vingine ni uzito, majeraha ya zamani, na kazi za kuinama, kupiga magoti na kubeba vizito mwaka hadi mwaka. Mama Mkubwa alianza kubeba ndoo ya maji kichwani akiwa mtoto. Amekaa kwenye kigoda mbele ya moto kwa zaidi ya miaka thelathini. Magoti yake yana historia, na historia hiyo imesomesha watu, nikiwemo mimi. Kuiita “uzee” ni kumdhulumu mtu hati ya kazi yake.

Hata neno lenyewe tunalotumia linatuponza. Tunasema goti “limesagika”, na anayesikia anaona jiwe la kusagia: kila hatua inapunguza unga. Basi atembee kidogo, akae sana, asije akamaliza kilichobaki. Lakini goti si jiwe, ni kiungo hai. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu. Chakula chake inakipata kwenye ute wa goti, na mwendo wa kukunja na kukunjua, kukanyaga na kuachia, ndio unaousukuma ute huo ndani yake. Msuli wa paja nao ndio unaolishikilia goti lisiyumbe. Mtu akikaa sana msuli unanyong’onyea, goti linabaki bila mlinzi, maumivu yanaongezeka, naye anakaa zaidi. Ushauri wa “pumzika” nilioutoa mimi kwa upendo ulikuwa ushauri mbaya.

Halafu kuna neno la pili, hili la biashara: “ute umeisha”. Limebandikwa kwenye nguzo za umeme kuanzia Mtoni Mtongani mpaka Rangi Tatu, linasemwa kwenye redio, linauzwa kwenye makopo ya unga na vidonge. Mama Mkubwa alinunua. Magoti mengi yenye ugonjwa huu huvimba kwa sababu ya maji yaliyozidi ndani, lakini nani atanunua dawa ya kitu kilichozidi? Baada ya unga ilikuja sindano ya kuongeza ute, kwenye kliniki moja binafsi ambayo sitaitaja. Ilikula akiba ya vitumbua vya miezi. Chama cha madaktari wa magonjwa ya viungo cha Marekani kilitoa mwongozo wake wa mwaka 2019. Glukosamini, ambayo ndiyo inayouzwa sana kwenye vidonge vya magoti, kiliikataa kwa mkazo. Sindano za aina ile, kwa goti, nazo kilishauri zisitumike, ingawa kwa mkazo mdogo zaidi. Kilichopewa mkazo wa kwanza kilikuwa mazoezi, kupunguza uzito kwa mwenye uzito uliozidi, na fimbo ya kutembelea. Naam, mkongojo. Kwenye kliniki ile choo cha wagonjwa kilikuwa cha kuchuchumaa. Mahali palipojaa watu wa magoti! Mama Mkubwa alichomwa sindano, akabana mkojo mpaka Mbagala.

Ninajua atakayesema: lakini hospitali huwa wanamwambia afanye mazoezi na apunguze uzito. Ndiyo, wanamwambia. Wanamwambia kwa sauti ya kumkemea mtu aliyekula sana, kisha sentensi inayofuata wanamwambia asitembee umbali mrefu na asipande ngazi. Atembee vipi, wapi? Kilo moja ikipungua mwilini hupunguza mzigo wa kilo kama nne kwenye goti kwa kila hatua, na hiyo ni habari njema inayostahili kuelezwa kwa heshima, pamoja na namna ya kuifikia. Nani amekaa naye dakika kumi akamwonyesha zoezi? Mtaalamu wa tiba ya viungo yuko mbali, na ukipewa barua ya kumwona inakuwa karatasi ya siku nyingine, nauli nyingine, choo kingine.

Nilitaja jina la Ewa Roos. Huyo huyo, pamoja na Søren Skou, walianzisha mwaka 2013 nchini Denmark mpango wa wagonjwa wa goti na nyonga. Masomo machache ya kuujua ugonjwa, kisha vipindi 12 vya mazoezi chini ya msimamizi, mara mbili kwa wiki kwa wiki sita. Hakuna mashine ya mamilioni. Kuinuka kwenye kiti na kukaa polepole, kupanda kijingazi, kuimarisha paja na nyonga. Mpango huo umesambaa nchi kadhaa. Inashangaza kwamba kutoka kwa mwanamke yule yule tumechukua dodoso la kumpima mgonjwa, lakini si kiti cha kumfanyisha mazoezi. Kupima kunatupatia shahada. Kiti kingempatia Mama Mkubwa goti.

Baada ya jioni ile ya soksi nilinunua futi kamba ya fundi cherehani na kuanza kupima maisha yake kwa sentimita. Kitanda: 46 kutoka sakafuni. Kiti cha plastiki: 43. Kigoda cha vitumbua: 18. Ngazi ya kwanza ya daladala iliyosimama Rangi Tatu: 41, na konda akiwa anapiga bati gari liondoke. Mkeka wa msibani: 0. Tundu la choo: 0.

Nikamuuliza kila mahali maumivu yakoje. Jibu lilifuata namba. Kwenye 46 anainuka mwenyewe na kulalamika kidogo. Kwenye 18 anahitaji kushika kitu. Kwenye 0 anahitaji mtu. Ukitaka kujua ubora wa maisha ya mtu mwenye goti bovu katika mji huu, mwulize maisha yake yako sentimita ngapi kutoka ardhini.

Na maisha yetu mengi yako chini. Tunapika chini, tunafua chini, tunakuna nazi tukiwa chini, tunamwogesha mtoto chini, tunakula chini, tunalia chini. Wanawake hasa. Msibani wanaume hupangiwa viti nje chini ya turubai, wanawake hukalishwa mikekani ndani. Kwa miaka miwili Mama Mkubwa amekuwa akipitia misibani asubuhi, anasimama mlangoni, anatoa pole na rambirambi yake, anaondoka. Mtaani wameanza kusema anajidai. Kuna shoga yake wa miaka ishirini hawasalimiani vizuri, kwa sababu alipofiwa na mama yake Mama Mkubwa hakulala matanga. Alishindwaje kulala? Hakushindwa kulala. Alishindwa kuinuka kwenye mkeka usiku mbele za watu, na kwenda kwenye choo asichokijua. Hakumwambia mtu. Aibu ya goti aliiona kubwa kuliko aibu ya kuitwa mwenye maringo.

Hilo linaingia kwenye dodoso gani? Lipo swali la kuingia kwenye gari. Swali la kuketi na waliofiwa halipo.

Haya si mambo yasiyowezekana kuandikwa. Wajapani nao wana utamaduni wa kukaa sakafuni, na watafiti wao hawakuridhika na madodoso ya kuazima. Mwaka 2005 walichapisha kipimo chao wenyewe cha ugonjwa wa goti, kilichotungwa kufuata maisha ya Kijapani ya kuinama sakafuni na kuinuka. Hawakusema “tutashindwa kujilinganisha na wenzetu”. Walisema wagonjwa wetu wanaishi hivi.

Mimi niliambiwa hivyo hivyo, kwamba nisiguse maswali. Dodoso limehakikiwa, ukilibadilisha hutaweza kulinganisha matokeo yako na ya nchi nyingine. Ninaelewa hoja hiyo, na ina uzito wake: kipimo kikichezewa ovyo si kipimo tena. Lakini kulinganisha nini na nini? Soksi za kule na kandambili za huku? Namba mbili zinazofanana si lazima ziwe zinasema jambo moja.

Kuna hoja nyingine, nzito zaidi, na naisikia hata kwa wanafunzi wenzangu wa afya ya jamii. Nchi ina malaria, ina vifo vya wajawazito, ina kifua kikuu. Goti haliui. Kwa nini pesa chache ziende kwenye magoti?

Kwanza, sijaomba pesa nyingi. Upasuaji wa kubadilisha goti unafanyika pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na kwa aliyefikia hapo ni ukombozi, lakini si wa bei ya vitumbua na si huko ninakoanzia. Ninaanzia kwenye bomba la chuma lililopigwa ukutani mwa choo. Ninaanzia kwenye kiti. Pili, goti halijaingia kwenye cheti cha kifo, lakini mtu asiyetembea presha yake haishuki, sukari yake haishuki, na anayeogopa choo figo zake zinajua. Tatu, tangu lini tukakubaliana kwamba kinachostahili huduma ni kile kinachoua tu?

Na tusijifanye hatujui. Sera ya Taifa ya Wazee ilitoka mwaka 2003. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo na huduma za umma zifikike kwa wote. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, vituo vilijengwa usawa wa sakafu ya basi: mtu anavuka, hapandi. Mama Mkubwa aliyapanda mara moja, akarudi akiyasimulia kama aliyetoka Ulaya. Kumbe mji huu unajua kupima kimo. Ukiamua, unajua.

Na msikitini pia wanajua. Kwenye safu za nyuma, upande wa wanawake, viti vya plastiki vipo siku zote. Asiyeweza kusujudu chini anaswali kwa kukaa, sala yake ni sala, na hakuna anayemuuliza kama anajidai. Ikiwa ibada yenyewe imempa kiti, sisi ni nani wa kumnyima kiti msibani, jikoni na chooni?

Wapo watakaosema choo cha kuchuchumaa ni bora kwa usafi, hasa kinapotumiwa na familia tano. Nakubali. Sijasema tuvivunje. Nimesema pawe na kitu cha kushika, na pawe na kiti chenye tundu pembeni kwa anayekihitaji. Nilinunua kiti cha plastiki cha mikono, fundi wa mtaani akakikata tundu na kulisawazisha kwa moto lisikwaruze. Fundi mwingine alichimbia bomba mbili ukutani. Fundi wa kuchomelea akainua jiko la vitumbua likawa usawa wa kiuno, naye sasa anakaanga akiwa amekaa kwenye stuli. Pesa yote iliyotumika haikufika nusu ya ile sindano.

Sitaki kukudanganya kwamba amepona. Ugonjwa huu haurudi nyuma hivyo. Goti lake la kulia bado linavimba mvua zikikaribia, au ndivyo anavyosema. Kila asubuhi, baada ya sala, anafanya zoezi alilofundishwa na mtaalamu wa tiba ya viungo tuliyempata hatimaye: kuinuka kitandani na kukaa polepole, mara kumi, bila kushika kitu. Mwanzoni alifika mara tatu. Fimbo ameikubali kwa masharti, kwamba asiitumie mbele ya mashoga zake. Diklofenaki imepungua, haijakwisha. Maji anakunywa. Hilo ndilo ninalojivunia kuliko yote, na hakuna chuo kitakachonipa alama kwa hilo: Mama Mkubwa anakunywa maji usiku.

Ninawaandikia wenzangu tulioko vyuoni, tunaotafuta mada, tunaotafuta “zana iliyohakikiwa”. Kabla hujatafsiri swali, lipeleke kibarazani. Likichekwa, usilitie alama ya “hakuna shida” kama nilivyofanya mimi. Liandike kwamba limechekwa. Ninawaandikia wanaokaa upande wa pili wa meza ya kliniki: ulizeni choo, kigoda na mkeka kabla hamjaandika dawa, na ikiwa choo chenu wenyewe hakina pa kushika, anzeni hapo. Na ninatuandikia sisi watoto, tunaopokea simu ya mzazi na kujibu kwa haraka. Neno “uzee” tulifunge mdomoni mpaka tutakapokuwa tumeuliza angalau maswali mawili.

Mwezi uliopita alifariki jirani, nyumba ya tatu kutoka kwa Mama Mkubwa. Nilikuwa nimelala kwake. Asubuhi alijifunga khanga mbili, akachukua fimbo, akaiacha, akaichukua tena. Akaniambia: “Nibebee kiti.”

Nilikibeba kichwani mpaka msibani. Wanawake wote walikuwa chini. Tuliingia, kukawa na kimya kidogo, kile cha watu kuangaliana. Mama Mkubwa hakujieleza. Aliweka kiti karibu na ukuta, akakaa, akamwambia mfiwa pole, akaanza kulia na wenzake kama kawaida.

Mchana nilipokuja kumletea dawa nilikuta mwanamke mmoja mtu mzima, simjui, ameinuka kwenye mkeka kwa kusaidiwa na wawili, amesimama nyuma yake, ameshika mgongo wa kile kiti. Alikuwa anamnong’oneza Mama Mkubwa kitu. Nilipofika karibu nikasikia anauliza zamu yake ya kukaa ni lini.